Mafundisho ya Yesu Machoni pa Wasioamini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Mbeya, Tukuyu na Kyela, ni vigumu kumpata mtu ambaye hajawahi kusikia mafundisho ya Yesu. Wengi wetu tuliyapata utotoni: katika Shule ya Jumapili ya Moravian, darasa la kipaimara la Walutheri, katekisimu ya Wakatoliki, au mikutano ya injili ya viwanjani. Baadhi yetu hatuamini tena kwamba aliyeyasema ni Mwana wa Mungu, na wapo ambao hawakuwahi kuamini. Mimi nililelewa katika usharika wa Kimoravian wilayani Rungwe, ninaishi Mbeya mjini, na simwamini Mungu. Yafuatayo ni maswali ninayoulizwa na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu, na ninayajibu kwa kirefu kwa sababu nawapenda wanaoniuliza na kwa sababu jambo lenyewe ni zito.

"Asiyeamini" ni nani hasa katika maswali haya?

Ni mtu asiyekubali kwamba Mungu yupo, pamoja na yule anayesema hana uhakika na haoni sababu ya kuabudu. Waislamu hawamo, kwa kuwa wao humheshimu Isa mwana wa Mariamu kama nabii, na heshima hiyo ni sehemu ya imani yao. Hata hivyo nitawataja watu kadhaa waliomwamini Mungu bila kuukubali uungu wa Yesu, kwa kuwa nao waliyapima mafundisho yake wakiwa nje ya Ukristo. Sensa za Tanzania hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967, hivyo takwimu rasmi za wasioamini hazipo. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, na asiye na dini havunji sheria yoyote.

Je, mtu anaweza kuyaheshimu mafundisho ya Yesu kwa dhati bila kumwamini?

Anaweza, na wengi wamefanya hivyo waziwazi. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alipokuwa mzee alichukua nakala za Agano Jipya katika Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, akakata aya zenye maisha na maadili ya Yesu, akazibandika kwa gundi katika kitabu kimoja alichokikamilisha karibu mwaka 1820. Miujiza aliiacha, na ufufuko aliuacha pia. Simulizi lake linaishia pale jiwe linapovingirishwa mlangoni pa kaburi. Mwaka huo huo wa 1820, huko Bengal nchini India, Rammohun Roy alichapisha mkusanyo wa maagizo ya Yesu bila miujiza, akiamini kwamba maadili yale yangewafaa wananchi wenzake. Wamisionari Wabaptisti wa Serampore walimpinga vikali, wakidai kwamba maagizo hayo hayawezi kutenganishwa na kazi ya msalaba.

Hao wawili walimwamini Muumba. Lakini John Stuart Mill, aliyelelewa Uingereza bila dini, aliandika kwamba kanuni ya Yesu ya kuwatendea wengine yale unayotaka utendewe ina roho yote ya falsafa ya maadili aliyoifuata yeye. Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza, katika mhadhara alioutoa London tarehe 6 Machi 1927 kueleza kwa nini yeye si Mkristo, alisema kwamba kuna mambo anayokubaliana na Kristo kuliko Wakristo wengi wanavyokubaliana naye, akataja kugeuza shavu la pili, kutohukumu, na kuwagawia maskini mali. Hata Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza ambaye haionei dini huruma, aliandika mwaka 2006 kwamba Hotuba ya Mlimani, iliyo katika Mathayo sura ya 5 hadi ya 7, ilikuwa mbele sana ya wakati wake.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu hapa kwetu, asiyeamini akiisifu Hotuba ya Mlimani, hukaribishwa ibadani Jumapili inayofuata kana kwamba ameanza kurudi nyumbani, na akiikosoa aya moja huambiwa anakufuru. Yote mawili yanakata mazungumzo. Mtu anaweza kulikubali fundisho moja kwa moyo wote, akalikataa jingine, na akabaki pale pale alipokuwa kuhusu kuwepo kwa Mungu.

Ni mafundisho yapi ambayo wasioamini wengi huyakubali?

La kwanza ni mfano wa Msamaria Mwema katika Luka sura ya 10. Mwanasheria aliuliza jirani yake ni nani, naye akajibiwa kwa kisa cha mtu wa jamii iliyodharauliwa, aliyesimama njiani kumhudumia majeruhi baada ya kuhani na Mlawi kupita kando. Asiyeamini anakiona hapa kipimo cha wema kisichojali cheo cha dini wala asili ya mtu, kinachouliza tu kama aliyeumia amesaidiwa. Anayeijua barabara kuu ya TANZAM, kwenye mteremko wa Kitonga au ule wa Mlima Nyoka hapa Mbeya, anaelewa upesi. Lori la mafuta linapopinduka, wapo wanaokimbia na madumu kukinga dizeli wakati dereva bado amebanwa ndani ya kabini. Nimewahi kufika mahali pa ajali ya namna hiyo nikamkuta mama muuza ndizi ameweka beseni lake chini, amevua kitenge alichojitanda, anakikaza juu ya goti la utingo aliyekuwa akivuja damu, huku akimsemesha taratibu kama mtoto wake ili asizimie. Dizeli ilikuwa ikitiririka hatua chache tu kutoka pale alipopiga magoti, na hakugeuka kuitazama. Hakuna aliyemwuliza anasali wapi.

La pili ni kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, katika Yohana sura ya 8. Wataalamu wa maandiko, wakiwamo Wakristo, wanakubali kwamba kisa hiki hakimo katika nakala za kale zaidi za Injili hiyo, na matoleo mengi ya Biblia hukiweka ndani ya mabano au hukiwekea maelezo. Muumini anaweza kusumbuliwa na hilo, lakini asiyeamini hasumbuki, maana kwake uzito wa fundisho hautokani na aliyelisema. Katika stendi na masoko yetu, kijana akipigiwa kelele za mwizi kwa sababu ya simu ya mkononi, tairi na petroli hupatikana haraka kuliko polisi. Maneno "asiye na dhambi miongoni mwenu na awe wa kwanza wa kumtupia jiwe" yanahitajika pale hata kama yaliandikwa na mkono tusioujua.

La tatu ni agizo la kutohukumu, pamoja na mwenendo wa Yesu mwenyewe wa kuwagusa wakoma na kula na watu waliotengwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima kuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, viwango vilivyokuwa vya juu kabisa nchini. Familia za kwetu zinajua maana ya tarakimu hizo. Zinajua pia tofauti kati ya mhubiri aliyesimama makaburini akitangaza kwamba marehemu amevuna alichopanda, na yule aliyeingia chumbani kwa mgonjwa akamgeuza ubavu na kumnywesha uji. Asiyeamini hasiti kusema kwamba huyu wa pili ndiye aliyemsikia Yesu.

Vipi kuhusu kumpenda adui na kugeuza shavu la pili?

Hapa wasioamini wamegawanyika kuliko mahali pengine popote. Gandhi, mfuasi wa dini ya Kihindu, aliisoma Hotuba ya Mlimani alipokuwa mwanafunzi wa sheria London kati ya mwaka 1888 na 1891, na akaandika baadaye kwamba ilimwingia moyoni moja kwa moja. Kwa upande mwingine, Friedrich Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani, katika kitabu alichokiandika mwaka 1888, alidai kwamba Mkristo alikuwa mmoja tu, naye alifia msalabani; alimheshimu huyo mmoja kwa kuishi alivyofundisha, lakini aliona kwamba maadili ya kutopinga uovu yanadhoofisha uhai wa mwanadamu.

Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini ana sababu ya kuliangalia fundisho hili kwa jicho la peke yake. Mwaka 1891 wamisionari Wajerumani wa Moravian walifungua kituo Rungwe, na wenzao wa Misheni ya Berlin wakaingia nchi hiyo hiyo, ambayo Wajerumani waliiita Konde. Mwaka huo huo, tarehe 17 Agosti, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski liliangamizwa na Wahehe huko Lugalo. Miaka mitatu baadaye ngome ya Kalenga, makao ya Mkwawa mtawala wa Wahehe, ilibomolewa kwa mizinga, na Mkwawa alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa. Kurudishwa kwa fuvu hilo kuliandikwa katika Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini lilifika Kalenga mwaka 1954. Kwa hiyo mababu zetu walifundishwa kuwapenda adui zao na watu wa taifa lile lile lililokuwa likitunza kichwa cha mtawala wao.

Sisemi kwamba wamisionari ndio waliokikata, wala simlaumu Yesu kwa yaliyotendwa na askari. Ninachosema ni kwamba agizo la kugeuza shavu likielekezwa kwa aliyepigwa peke yake, na asielezwe chochote aliyepiga, linageuka kuwa chombo cha mwenye nguvu. Nikilisoma katika mahali pake naliona kuwa kali zaidi kwa mtawala kuliko kwa mtawaliwa, maana mwenye bunduki ndiye mwenye adui wengi wa kuwapenda. Wasioamini wengi huishia hapo: wanaukubali msamaha kama njia ya kukata mnyororo wa visasi, lakini hawakubali kwamba mwanamke anayepigwa na mumewe avumilie kwa sababu ya aya hiyo. Wachungaji wengi ninaowafahamu nao hawalikubali hilo, na ninafurahi kwamba tunakutana.

Ni jambo gani katika mafundisho ya Yesu ambalo wasioamini hulikataa kwa nguvu zaidi?

Ni adhabu ya milele. Russell alisema katika mhadhara ule kwamba hilo ndilo doa kubwa katika tabia ya Kristo kama Injili zinavyomwonyesha, kwa kuwa mtu mwenye utu wa kweli hawezi kuamini mateso yasiyo na mwisho.

Ugumu unaonekana wazi katika Mathayo sura ya 25. Yesu anawatambua watu wake kwa matendo yao: waliwalisha wenye njaa, waliwavika walio uchi, waliwatazama wagonjwa na wafungwa. Hakuna swali la katekisimu hata moja. Ni vigumu kupata maneno mazuri kuliko hayo katika maandiko yoyote, na asiyeamini angeweza kuyaandika ukutani kwake. Kisha sura hiyo hiyo inafungwa kwa kuwapeleka walioshindwa katika moto wa milele. Kosa la mtu wa miaka 60 linapata adhabu isiyoisha hata baada ya miaka milioni 60, na mateso hayo hayamrekebishi aliyekosa wala hayamfidii aliyekosewa. Hakimu wa Mbeya akitoa hukumu ya namna hiyo, tungemwona hafai kukalia kiti chake.

Wapo Wakristo wanaofundisha kwamba waovu watatoweka badala ya kuteswa daima, na wapo wanaotumaini kwamba wote wataokolewa. Huo ni mjadala wao, nami nauheshimu. Lakini watoto wengi wa kwetu wamefundishwa moto halisi, na hofu hiyo imekaa vitandani mwao usiku mwingi. Kumtisha mtoto wa miaka saba kwa kuungua milele ni jambo ambalo sioni namna ya kulitetea.

Na mapepo? Je, kuponya wagonjwa si tendo la huruma?

Huruma ipo, na hakuna anayeikana. Tatizo ni maelezo ya chanzo cha ugonjwa. Katika Marko sura ya 9 analetwa mvulana anayeanguka, anayetoka povu, anayesaga meno na kukakamaa, na ambaye mara nyingi huangukia motoni na majini. Daktari yeyote angefikiria kifafa kwanza. Injili inasema ni pepo, na Yesu anamkemea pepo huyo. Asiyeamini anahitimisha kwamba Yesu, au walioandika habari zake, alikuwa na maarifa ya zama zake tu, na kwamba hilo ni la kawaida kwa binadamu wa karne ya kwanza.

Madhara yake si ya kale. Katika milima ya Uporoto na Makete, ambako baridi huwakusanya watu kuzunguka moto wa kuni, mtu mwenye kifafa asiyetumia dawa huangukia motoni kama mvulana yule wa Marko, na makovu ya mikononi na usoni humtambulisha kijiji kizima. Vidonge vya fenobabitoni, vya bei ndogo, vinaweza kupunguza sana au kuzuia degedege za wagonjwa wengi. Familia inayompeleka mtoto kwenye maombi ya kufunguliwa mwaka mzima na kumwachisha dawa haina ubaya wa moyo, inafuata ilichofundishwa. Ndiyo maana wasioamini hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Waumini wanaosali na wakati huo huo wanahakikisha dawa imemezwa jioni hatuna ugomvi nao.

Vipi kuhusu mtini uliolaaniwa, nguruwe walioangamia, na kumchukia baba na mama?

Haya hutajwa mara nyingi, lakini hayana uzito sawa. Mtini katika Marko sura ya 11 ulilaaniwa wakati usio wa tini, na nguruwe wapatao 2,000 katika sura ya 5 walikuwa mali ya mtu. Wasioamini huviona visa hivyo kuwa vya ajabu kimaadili, wakati wafasiri wa Kikristo huvisoma kama ishara. Maneno ya Luka 14:26 kuhusu kumchukia baba, mama, mke na watoto hufasiriwa na wengi kuwa namna ya Kiyahudi ya kusema "kupenda kidogo zaidi", na tafsiri hiyo ina msingi, kwa kuwa Mathayo sura ya 10 inalisema jambo hilo kwa upole huo. Hata hivyo, kudai kupendwa kuliko wazazi na watoto ni dai zito, na madhara yake huonekana pale mtu anapoacha kumtunza mama yake mzee kwa sababu ya kikundi cha maombi. Kwangu mimi kisa kinachoumiza zaidi ni cha mwanamke Mkanaani katika Mathayo sura ya 15, ambaye anaambiwa si vema kuwatupia mbwa chakula cha watoto, naye anashinda kwa jibu lake la unyenyekevu. Binti yake anaponywa mwishoni, na bado natamani maneno yale yasingesemwa.

Kama alidhani mwisho wa dunia umekaribia, je, maadili yake bado yanafaa?

Albert Schweitzer, aliyekuwa Mkristo na ambaye baadaye alijenga hospitali Lambaréné nchini Gabon, alichapisha mwaka 1906 utafiti uliosema kwamba Yesu alitarajia ufalme wa Mungu uje upesi sana, na kwamba maadili yake makali yalikuwa ya kipindi kifupi kabla ya mwisho. Wasioamini wengi wanauona ukweli katika hoja hiyo wanaposoma Marko 9:1, pale anaposema kwamba baadhi ya waliosimama mbele yake hawataonja mauti hata wauone ufalme. Hoja hii inaeleza kwa nini mtu angeagizwa kutosumbukia kesho. Mkulima wa viazi wa Isyonje asiyetenga mbegu wala fedha ya mbolea ya msimu ujao atalala njaa, na watoto wake pia. Lakini si kila agizo linategemea kalenda. Kumlisha mwenye njaa ni wajibu, dunia iishe kesho au idumu miaka elfu kumi.

Je, mafundisho hayo yalikuwa mapya?

Kwa sehemu kubwa hayakuwa mapya. Kumpenda jirani kumeandikwa katika Mambo ya Walawi 19:18. Rabi Hillel, aliyemtangulia Yesu kwa muda mfupi, anasimuliwa katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, akisema kwamba usimtendee mwenzio lililo chukizo kwako, na Confucius alifundisha vivyo hivyo China karne tano kabla. Celsus, mpinzani wa Ukristo wa karne ya pili, alidai kwamba fundisho la kutolipiza ubaya lilikwisha kusemwa vizuri zaidi na Plato kupitia kinywa cha Socrates. Kutokuwa jipya hakulipunguzii fundisho thamani. Kunaonyesha tu kwamba watu wengi, mahali pengi, waliufikia wema kwa njia zao.

Hata hapa Rungwe watu hawakuwa wakiishi bila maadili kabla ya mwaka 1891. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kwa kirefu juu ya ukwangala, yaani kula, kunywa na kuzungumza na wenzio kwa moyo mwema, na jinsi walivyoamini kwamba hasira ya majirani humletea ugonjwa mtenda maovu. Siamini kwamba hasira ya majirani huleta ugonjwa. Lakini jamii iliyoogopa kumkosea jirani ilikuwa na maadili, na ni vizuri tuseme hivyo.

"Mwanangu, kama unayapenda maneno yake, mbona mwenyewe humtaki? Ama ni Mungu, ama ni mwongo, ama ni mwendawazimu."

Hili ni swali la shangazi yangu, na hoja yenyewe ilienezwa sana na mwandishi wa Kiingereza C. S. Lewis katika hotuba zake za redio wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jibu ninalompa ni kwamba kuna uwezekano mwingine. Injili ziliandikwa miongo kadhaa baada ya Yesu, na madai makubwa zaidi kuhusu uungu wake yamo katika Yohana, ambayo wataalamu wengi huiona kuwa ya mwisho kati ya hizo nne. Inawezekana heshima ya wafuasi ilikua jinsi miaka ilivyopita. Tena mtu anaweza kukosea kuhusu cheo chake na bado akasema kweli kuhusu namna ya kumtendea mgeni. Shangazi, nayapenda maneno yake kwa sababu nimeyapima nikayaona ni ya kweli, na yale nisiyoyaona kuwa ya kweli siwezi kuyakubali kwa kukufurahisha, kwa sababu ungejua.

Je, kuchagua mafundisho haya na kuyaacha yale si kukosa uaminifu?

Kila msomaji huchagua. Mathayo 5:34 inasema msiape kabisa, na hata hivyo shahidi Mkristo mahakamani hushika Biblia hiyo hiyo anapoapa, ingawa sheria yetu inamruhusu mtu kutoa uthibitisho bila kiapo. Marko 10:21 inamwagiza tajiri auze alivyo navyo vyote. Ukosefu wa uaminifu unaanza pale mtu anapochagua kisha akadai kwamba hajachagua. Asiyeamini anapaswa kusema wazi ni fundisho gani analikubali, lipi analikataa, na kwa sababu gani.

Wasioamini wanaionaje injili ya mafanikio?

Kwa huzuni. Kati ya mafundisho yote ya Yesu, machache yanarudiwa mara nyingi kama onyo lake kuhusu mali, na ndilo linalosahaulika zaidi katika mahubiri ya kupanda mbegu, maji ya upako na sadaka ya kuvunja laana. Mjane anayeuza mchicha Mwanjelwa anapoombwa kutoa mtaji wake ili abarikiwe, asiyeamini na mzee wa kanisa wa kizamani husikitika pamoja.

Bila imani, mtu anapata wapi nguvu ya kutenda wema huo?

Swali hili linastahili jibu la unyofu, kwa sababu makanisa yana ushahidi mkubwa upande wao. Kaisari Julian, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 361 hadi 363 na kuuacha Ukristo, alimwandikia kuhani wa dini ya kale huko Galatia akilalamika kwamba Wagalilaya, yaani Wakristo, wanawalisha maskini wao na maskini wa wengine pia. Nasi huku tunazo Ilembula, Ikonda, Isoko, Itete, Igogwe, Mbozi na Tosamaganga, hospitali zilizoanzishwa na makanisa, na ndugu zetu wengi wamezaliwa na kutibiwa humo. Sisi wasioamini wa Nyanda za Juu Kusini hatujajenga kitu cha kulingana na hizo.

Nguvu ya mtu mmoja mmoja, hata hivyo, haitoki kanisani peke yake. Inatoka kwa mama aliyetulea, kwa aibu ya kumwacha jirani, na kwa kuyaona maumivu ya mtu kwa karibu. Yule Msamaria mwenyewe, kama Luka anavyosema, alisukumwa na huruma alipomwona majeruhi. Hakuna amri inayotajwa hapo.

Asiyeamini akiwa msibani, afanye nini wakati wa sala?

Asimame na wenzake, ainamishe kichwa kwa heshima ya wafiwa, na asijifanye anasali. Kuchimba kaburi, kubeba maji na kukesha motoni na waliofiwa ni wajibu wake kama wa wengine wote. Msibani si mahali pa kujadili ufufuo, na mchungaji mwenye busara naye hatamtumia marehemu kumsuta aliyehudhuria.

Anayetaka kuyasoma mafundisho haya mwenyewe aanzie wapi?

Aanze na Injili ya Marko yote, yenye sura 16, inayoweza kusomwa kwa jioni moja au mbili, ili aone jinsi mafundisho, miujiza na tarajio la mwisho vilivyofungamana. Kisha asome Mathayo sura ya 5 hadi ya 7, ailinganishe na Luka sura ya 6, ambako "heri maskini wa roho" inasomeka "heri ninyi mlio maskini", jambo linalobadilisha mengi kwa msomaji asiye na shamba. Amalizie na Luka sura ya 10, ya 15 na ya 16. Ninashauri asome na muumini anayemheshimu, mzee wa kanisa au katekista, na waanze na aya ambazo kila mmoja wao huziona ngumu zaidi: asiyeamini aeleze afanyeje na agizo la kumpenda adui, na muumini aeleze afanyeje na moto wa Mathayo 25:46.